Nesi Aliuliza Tunaoga Wapi



Barua ya safari hii ilinifikia ikiwa imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, kwa mkono wa kijana wa bodaboda anayepakia abiria kati ya Sapiwi na Bariadi mjini. Ni karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, mwandiko umeinama kama mtama uliopigwa na upepo. Mwenyewe ameniruhusu niisome mbele yenu, wadogo zangu, bila jina wala kijiji:

“Dada shikamoo. Nina miaka 15, nipo kidato cha pili. Nikikojoa nasikia moto na mwishoni linatoka tone la damu. Chini kunawasha, na nguo ya ndani inachafuka. Sijawahi kulala na mwanaume, naapa kwa Mungu. Nikimwambia mama ataniamini?”

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye hilo neno “naapa”. Mtoto anaumwa, na kabla hajaomba dawa anakula kiapo, kama aliyesimamishwa mbele ya baraza la sungusungu! Nilielewa papo hapo, kwa sababu kiapo hicho hicho nilikila mimi nikiwa na miaka 14.

Nyumbani kwetu maji yalikuwa ya lambo. Asubuhi tunachota ya kupikia, mchana ng'ombe wanakunywa, jioni tunafua na kuoga humo humo, na kipindi cha mpunga tunashinda kwenye majaruba maji yakitufika magotini. Kaka yangu ndiye aliyetangulia kukojoa damu. Wenzake wakamshangilia njia nzima wakitoka kuchunga, eti amebalehe, sasa ni mwanaume. Hakuna aliyemuuliza alikuwa na nani. Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu. Bibi alinikuta usiku nafua chupi nyuma ya nyumba, akanyanyua kibatari, akaniangalia usoni, akauliza neno moja: “Nani?”

Lambo lile lile, damu ile ile. Ya kaka ikawa sifa, yangu ikawa kesi.

Nilipelekwa zahanati moja ambayo sitaitaja. Aliyenipokea aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la mwisho: “Umeanza lini mambo ya wanaume?” Nikaapa. Akaandika anachotaka kuandika, nikapewa dawa za kisonono, nikazimeza zote, na nikaendelea kukojoa damu. Miezi ikapita. Siku nyingine, mahali pengine, nimeenda kwa sababu ya malaria, nesi mtu mzima mwenye miwani aliyofunga kwa uzi akaona jinsi ninavyokaa upande upande. Akafunga mlango. Akaniuliza: “Mnaoga wapi?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia lamboni. Akaniambia nikojoe kwenye kikopo, tena mchana, na mkojo wa mwisho ndio autakao zaidi. Majibu yakatoka: kichocho.

Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, kwa sababu kichocho tunakizungumza kama ugonjwa wa wavulana wanaoogelea, na wasichana wa kwetu kinawaumiza kimyakimya. Kuna aina mbili zinazotuhusu Kanda ya Ziwa. Wenzetu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanapata zaidi kile cha tumbo. Huku kwetu ndani, kwenye malambo, mbuga na majaruba, kinachotawala ni kile cha kibofu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wa maji, vinazaliana humo, kisha vinatoka vikiwa na uwezo wa kupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu ndani ya maji. Huhitaji kuyanywa. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, ule wakati ambao ninyi mmeshatoka shule na mmetumwa kufua. Na msidhani kiangazi kinamaliza tatizo. Lambo likikauka, baadhi ya konokono hao hujifukia kwenye tope na kungoja mvua.

Minyoo wakubwa wanakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Kwa msichana, kibofu kinapakana na uke na mlango wa kizazi, kwa hiyo mayai mengine hupotea njia na kunasa huko. Yanapochubua ndio unapata muwasho, uchafu, maumivu ya kinena, damu ambayo si ya hedhi. Yaani dalili zote ambazo mtaani zina jina moja tu, “umeupata kwa wanaume”. Kitaalamu kinaitwa kichocho cha sehemu za uzazi, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wenye tatizo hili. Kikiachwa miaka kinaweza kuharibu mirija na kumfanya mwanamke apate shida ya kushika mimba, na vidonda vyake vinaweza kuvirahisishia njia VVU siku msichana atakapokutana navyo. Wangapi wamefukuzwa nyumbani wakiitwa malaya kwa ajili ya konokono! Hilo huwa linanikosesha usingizi.

Dawa yake ni prazikwanteli. Ndiyo ile mnayopewa shuleni mkisimamishwa kwenye mti wenye alama kupima urefu, ili ijulikane mtu anameza vidonge vingapi. Najua mnavitema. Ni vikubwa, ni vichungu, na ukivimeza na njaa vinakutia kichefuchefu na kizunguzungu. Ndiyo maana mnaambiwa mle kwanza. Kuleni ugali wenu, hata michembe, kisha mezeni. Dawa inaua minyoo wakubwa vizuri, lakini makovu ya zamani hayafutiki kirahisi, kwa hiyo ukiiwahi umejiokoa zaidi ya ukiichelewesha. Na ukirudi kwenye maji yale yale unaweza kukipata tena, hakuna kinga ya kudumu. Kama nyumbani hakuna bomba wala kisima, chota maji uyaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili ndipo uogee, au uyachemshe. Wale vijidudu hawaishi muda mrefu bila kupata ngozi ya kupenya. Tena jamani, tuache kukojoa majini, sisi na kaka zetu.

Anayenisumbua zaidi ni yule aliyeacha shule. Zoezi la vidonge linapita darasani, na yeye yuko nyumbani anachota maji mara tatu kwa siku. Kama una dada wa hivyo, mpeleke zahanati.

Sasa nikujibu wewe uliyeandika. Ongea na mama, na uanzie kwenye mkojo. Sema hivi: “Mama, nakojoa damu, naomba twende nikapimwe kichocho.” Mama yeyote wa huku analijua neno kichocho. Ukianzia kwenye chupi atasikia jambo jingine kabla hujamaliza sentensi. Kama mama mgumu, mtafute shangazi, au mwalimu wa malezi, mtu mzima mmoja tu ambaye huwa hapigi kelele. Ukifika zahanati mwambie mhudumu unachota maji wapi, hata asipouliza. Na kama kipimo cha mkojo hakitaonyesha mayai lakini dalili zinaendelea, usikubali kuambiwa huna kitu, kwa sababu mayai yanaweza kuwa yamenasa huku chini na yasionekane kwenye mkojo. Omba rufaa kwenda hospitali. Huenda pia isiwe kichocho, ikawa UTI au fangasi. Vyote vina dawa, na chumba cha kuuliza ni kimoja.

Lakini kuna msichana mwingine anasoma hapa huku roho inamdunda, maana yeye hawezi kula kile kiapo. Yeye ameshalala na mwanaume. Mdogo wangu, na wewe unaumwa, na kutibiwa ni haki yako vile vile. Sitaki mtu afikiri Dada amewagawa wasichana kwenye mafungu mawili, wa kichocho wahurumiwe na wa kisonono wakomeshwe.

Tena kama kuna mahali duniani ambapo ilithibitika kwamba kutibu magonjwa ya zinaa mapema kunaokoa maisha, ni hapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, kwenye vijiji vya Mkoa wa Mwanza, watafiti walichukua zahanati na vituo vya afya vya kawaida, wakawafundisha wahudumu kutibu kisonono, kaswende na wenzake, na wakahakikisha dawa zipo. Vijiji vingine vikangoja zamu yake. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU kwenye vile vijiji vya kwanza yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Hakukuwa na dawa ya ajabu. Mtu aliumwa, akaenda, akatibiwa. Sasa piga hesabu mwenyewe uone mhudumu anayemfokea binti kwenye foleni anafanya hasara ya kiasi gani.

Mnaniuliza sana jinsi ya kujua kama kuna tatizo. Kwanza jueni kisicho tatizo. Uke una ute wake. Kuna siku ni mwepesi unavutika kama ute wa yai, kuna siku ni mzito mweupe, na ukikauka kwenye nguo unaacha alama ya njano kidogo. Hiyo ni afya. Uke hujisafisha wenyewe, kwa hiyo usiingize sabuni, wala vidole, wala ndimu, wala ugoro, wala ile dawa ya kubana inayouzwa gulioni na mama mwenye maneno mengi. Nawa nje kwa maji safi, na ukijisafisha chooni toka mbele kwenda nyuma. Kinachotakiwa kukuamsha ni ute uliobadilika na kuwa kijani, au wenye harufu kama furu walioachwa juani, au mabonge kama maziwa yaliyoganda yakiambatana na muwasho, kidonda hata kisichouma, maumivu ya tumbo la chini, damu kati ya hedhi moja na nyingine. Ukiona hivyo usiende kununua vidonge viwili vya rangi mbili kwa sababu rafiki yako alipona navyo. Nusu dozi inakituliza kidudu, haikiui.

Kuhusu hedhi sitakaa sana. Miaka miwili ya mwanzo inaruka ruka, mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo, na kwa msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanaume hilo si jambo la kutisha. Ukilowanisha pedi nzima kila saa moja, hiyo ni hospitali. Wanaotumia vitambaa, fueni kwa sabuni na muanike juani, sio chini ya godoro. Najua mnaficha kwa sababu ya baba na kaka. Tandikeni khanga juu yake basi, mradi jua lifike. Na pedi kwa wengi bado ni anasa. Mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Mimi nilikuwa nanunua dukani kwa Mangi wakati huo na kweli sikuona ikishuka, ila sijaelewa hadi leo kwa nini adhabu ya mfanyabiashara alipishwe binti.

Tuje kwenye jambo lenye miiba. Msimu wa pamba ukifika, watu wakishalipwa, pesa zinatembea. Ngoma nazo zinaanza, kiangazi, baada ya mavuno. Na chagulaga inarudi njiani.

Wazee wananiambia chagulaga ya zamani ilikuwa na adabu zake: vijana wanamfuata binti, wanamwambia “chagulaga, mayu”, achague mmoja, na asipompenda yeyote anaenda zake. Inawezekana. Mimi zamani hizo sikuwepo. Nilichokiona kwa macho yangu ni vijana sita wamemzunguka binti mmoja gizani, amebeba viatu mkononi, na jibu la “simtaki yeyote” halikuwemo kati ya yale aliyoruhusiwa kutoa. Akachagua mmoja ili watano wamwache. Kesho yake watu wakasema alichagua mwenyewe. Hapana. Mtu akichagua kwa sababu ya hofu hajachagua. Kama mnaenda ngomani nendeni wengi, rudini wengi, na msikubali mmoja abaki nyuma “anakuja”. Hilo ni jambo dogo, lakini nimeona likifanya kazi kuliko hotuba.

Halafu yuko mwingine ambaye hazunguki gizani, anakuja mchana kweupe na pikipiki. Anakupa lifti kwenda shule kwa sababu ni mbali na jua kali. Siku ya tatu chipsi. Mwezi wa pili anakulipia chumba, maana umepanga geto karibu na sekondari na nyumbani wametuma debe la mahindi tu bila hela. Kuanzia mwaka 2008 redio zilikuwa na matangazo ya mtu kama huyo, jina lake Fataki, na nchi nzima ikalichukua neno. Fataki wa kweli ana shida moja, hafanani na yule wa redioni. Ni mpole, anasalimia wazee, pengine mama yako anampenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijijini Mwanza ulianza mradi mkubwa ulioitwa MEMA kwa Vijana, ukiwafundisha wanafunzi wa shule za msingi elimu ya uzazi na kuzifanya zahanati ziwe rafiki kwao. Wanafunzi walielewa vizuri zaidi ya wenzao. Lakini walipopimwa miaka ya baadaye, VVU na magonjwa mengine ya zinaa hayakuwa yamepungua. Watafiti wana maelezo yao marefu. Mimi nina langu fupi: darasani alikaa msichana, na mwenye pesa ya kondomu, chipsi na kodi ya chumba hakuwemo darasani. Ndiyo maana sitakwambia tu “jua haki zako” halafu nikuache. Nakwambia hesabu gharama zako mwanzoni mwa muhula pamoja na mzazi, kodi, mafuta ya taa, pedi, nauli, na mseme wazi pengo ni kiasi gani. Kuku wawili wakiuzwa mapema wanaweza kuziba pengo ambalo mwanaume angeliziba mwezi wa tatu kwa masharti. Baba akisema hana, mwambie mwalimu kabla hujamwambia mwenye pikipiki.

Sheria nayo ijueni, kwa sababu wao wanaijua. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanaume akilala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake ni kubaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Tangu 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mbona basi bado ng'ombe wanahesabiwa na mtoto wa miaka 15 anaondoka? Kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliacha mlango, msichana wa miaka 15 aolewe wazazi wakiridhia, na hata wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mlango huo, akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani, Oktoba 2019, ikasema Rebeca yuko sahihi, na serikali irekebishe sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Kwa hiyo mjomba akikwambia “sheria inaruhusu”, mjibu kwa heshima zote kwamba mahakama ya juu kabisa nchini ilishasema vifungu hivyo vinavunja Katiba.

Kwa uzoefu wangu wa kukaa na wasichana, ushauri ninaoutoa kwanza ni kusubiri. Sisemi hivyo kwa kuwa nimezeeka. Mwili wa miaka 15 ukibeba mimba unapata taabu ambazo wa miaka 22 hauzipati, nyonga hazijakomaa, uchungu unakwama. Kwenye takwimu za kitaifa za mwaka 2022, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshapata mimba. Angalia darasani kwako utafsiri mwenyewe. Ila aliyeshaanza sitamfukuza kwenye kikao hiki. Wewe unahitaji kondomu, kila mara, na zinapatikana bure kwenye vituo vya afya, kwenye kile kiboksi ambacho kila mtu anajifanya hakioni. Sindano na vijiti vinazuia mimba, havizuii ugonjwa. P2 ni ya dharura, ndani ya saa 72 na mapema ndio bora. Haikutengenezwa kwa kila Jumamosi, nayo haigusi VVU. Kupima VVU, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ukiwa na miaka 15 unaweza kupima kwa ridhaa yako mwenyewe bila mzazi kusaini.

Na kama umelazimishwa, na mjomba, na mwalimu, na wale sita, na mchumba: kumbuka saa 72. Ndani ya saa hizo unaweza kuanza dawa za kuzuia VVU, utazimeza siku 28, na kupata kinga ya mimba. Usioge kwanza, usifue ile nguo, ifunge kwenye karatasi au khanga uende nayo. Nenda hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini usikae ukiisubiri saa zikiisha. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya watoto ni 116, ni bure. Na kama familia zimekaa chini ya mti zikaanza kuongea habari ya ng'ombe wa faini, jua kwamba hao ng'ombe hawatibu chochote mwilini mwako. Aliyepata mimba naye asiamini kwamba shule imekwisha. Tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Nenda na mzazi kwa mkuu wa shule mkaulizie nafasi.

Nimalizie na lenye raha, maana nimewachosha. Kuna chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wa nchi hii walianza kuipata kitaifa mwaka 2018, dozi mbili. Aprili 2024 ikawa dozi moja tu, kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Mjue dozi hiyo moja ilitoka wapi. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wa umri huo huo, waliingia kwenye utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu, na damu zao zilionyesha kinga ya dozi moja inadumu. Majibu yao yakawa kati ya yale yaliyowafanya washauri wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, waikubali dozi moja. Leo msichana wa bara lingine anachomwa mara moja badala ya mara mbili, na hajui kwamba anatakiwa kuwashukuru watoto wa Kanda ya Ziwa. Nasikia wanaosema inafunga kizazi. Inazuia virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na saratani hiyo ndiyo inayokiharibu kizazi kwelikweli. Ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wetu kati ya saratani zote.

Nilimweleza mama yangu haya yote siku mpwa wangu alipochomwa shuleni. Mama alisikiliza huku anachambua mlenda, akauliza: “Na sisi wazee, yetu imeisha?” Nikamwambia chanjo ni ya watoto, lakini kuna kipimo cha wakubwa: wanapaka kitu kama siki kwenye mlango wa kizazi, na penye tatizo panageuka peupe. Akaacha mlenda. “Siki? Ya kachumbari?” Tukacheka mpaka bibi akatoka nje kuuliza kuna nini. Bibi yule yule wa kibatari.

Jumanne iliyofuata tulikodi bodaboda mbili, mama na mimi kwenye moja, bibi nyuma ya nyingine akimwamuru kijana apunguze mwendo. Kwenye benchi la kusubiri bibi aliniinamia, akanong'ona kitu ambacho alikuwa hajawahi kukisema miaka yote hiyo: kwamba na yeye, akiwa msichana, alikojoa damu, na hakumwambia mtu.